Bado, Maalim

Mwaka wa pili wa korona nilikuwa mwanafunzi wa uuguzi, na pale mtaani kwetu Kuze hakuna aliyejua aniite nani. Wazee waliniita dokta, kwa mzaha wa kunipandisha cheo. Vijana wa barazani waliniita korona, na wakisogeza miguu nipite waliisogeza mbali kuliko ilivyohitajika. Mama aliniita jina langu, ila kwa sauti ya chini, maana hakupenda majirani wajue ninatoka saa ngapi na ninarudi saa ngapi. Sare niliibeba mkobani, imekunjwa chini ya leso, nikaivalia huko huko hospitali. Nikirudi nilipitia mlango wa uani, ambako mama alikwisha kuniwekea ndoo ya maji na sabuni, nikaoga kabla sijamsogelea mtu. Mkono wake sikuubusu kwa miezi. Kwetu mtoto anayeingia nyumbani asibusu mkono wa mamake huulizwa wamegombania nini.

Hofu ile haikutoka hewani. Mwaka uliotangulia Mji wa Kale, mtaa wetu ukiwamo, ulifungwa, polisi wakasimama kwenye midomo ya vichochoro, na watu wakajifunza kukohoa ndani ya mito yao. Aliyechukuliwa alichukuliwa na watu waliojifunika gubigubi, hujui ni mume au mke, Muislamu au si Muislamu. Mficha maradhi kifo humfichua, walisema watu, lakini kila aliyeitoa methali hiyo alikuwa akiisemea nyumba ya jirani. Na sasa mimi, mtoto waliyemtuma dukani kununua bizari, nikawa miongoni mwa wale waliojifunika.

Sikuwa mwanafunzi mbaya. Nilikaa mbele, nilijibu maswali, na ulimi ninao; mama husema nilizaliwa nikibishana na mkunga. Lakini wodini mwanafunzi hana ulimi. Hushika beseni, hupima joto, hubadilisha shuka, na akiulizwa na jamaa wa mgonjwa jambo lolote lenye uzito, jibu lake ni moja tu: ngoja nimuulize sista. Nililisema jibu hilo mara nyingi, na sitaficha, lilinipa raha. Likiharibika jambo, halikuharibikia mikononi mwangu.

Sista tuliyemuuliza alikuwa msimamizi wa wodi ya wanawake, mama wa bara, mrefu, mwenye maneno ya kuhesabika. Wauguzi wake kadhaa walikuwa wamelazwa wao wenyewe, kwa hivyo sisi wanafunzi tuliokubali tuligawiwa wagonjwa chini ya macho yake. Mimi nilipewa vitanda vya upande wa dirisha. Kwenye kitanda kimoja aliletwa bibi mmoja wa mtaani kwetu, mshonaji kofia. Nadhani hapakuwa na mwanamume wa Kuze aliyekwenda kuswali Idi bila kichwa chake kupitia kwenye sindano ya bibi yule. Alikuwa pia mama mzazi wa maalim aliyenifunza chuoni, maana sisi madrasa twaiita chuo.

Hakunitambua. Miwani, barakoa, joho la plastiki, nani angenitambua? Nilimwamkia, nikamwambia mimi ni binti wa nani na nyumba yetu ni ipi.

"Umekuwa mtu mzima," alisema, akitweta kila baada ya maneno mawili. "Na mbona umevaa kama wataka kurina asali?"

Daktari aliagiza alazwe kifudifudi, kwa saa kadhaa mchana na saa kadhaa usiku, ili mapafu yapate nafasi ya kufunguka. Bibi alikataa. Sista alimweleza kwa upole, akamweleza tena, na bibi akafumba macho. Nilijua tatizo liko wapi, kwa sababu mwanawe ndiye aliyetufunza kuwa kulala juu ya tumbo hakupendezi, na aliyelala hivyo chuoni wakati wa mapumziko aliamshwa kwa fimbo.

"Hayo si malazi ya Muislamu," bibi aliniambia sista alipoondoka.

"Bibi, mtu akiumwa akashindwa kusimama, haswali kwa kukaa?"

"Huswali."

"Na akishindwa kukaa?"

"Huswali kwa kulala. Wanifunza mimi?"

"Basi na mapafu nayo yana ruhusa yao."

Alicheka, kicheko kikawa kikohozi, kikohozi kikachukua muda kutulia. "Ulimi huo umesomeshwa na mwanangu?"

"Yeye alijaribu kuukata, bibi."

Alikubali kugeuzwa kwa sharti kuwa uso wake uelekee kibla. Kibla kilikuwa upande wa dirisha, na kitanda kilikuwa kimekaa vibaya. Nikaanza kukisukuma peke yangu. Sista alikuja akashika upande wa pili, tukakigeuza, wala hakuuliza kwa nini.

Kwenye kitanda cha jirani, upande huo huo wa dirisha, alilala mama mmoja wa mtaa wa Majengo, mkubwa wa umri pia, mwenye mapafu mabaya kuliko ya bibi. Siku moja jamaa zake walimpigia kwenye simu yake, wakawa wengi kwa pamoja, wakamsomea Yasini. Yasini, sura ya Kurani, kwetu husomwa kwa mambo mengi, kwa baraka, kwa kuwakumbuka waliotangulia, usiku wa kuamkia Ijumaa. Lakini watu wakijikusanya wakaisoma kwenye kitanda cha mgonjwa, hakuna mtu wa pwani asiyejua kuwa wanamuaga. Yule mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaivua barakoa ya oksijeni, akanyoosha miguu, akaweka mikono yake vizuri. Nilimrudishia barakoa. Akaivua tena.

"Nshasomewa, mwanangu," aliniambia bila ugomvi wowote. "Niwate." Alitaka nimwache.

Tulimrudishia barakoa usiku kucha, kwa zamu, na asubuhi akafariki. Sisemi Yasini ilimwua, hasha. Alikuwa mgonjwa sana na huenda siku yake ilikuwa ni ile ile. Ila nilimwona alipokuwa ameshikilia, na nilimwona alipoachia.

Bibi naye aliona yote, maana uso wake ulikuwa upande ule. Kitanda kilipokwisha kutandikwa upya, aliniita kwa kidole.

"Siku yangu ikifika usinifiche," alisema. "Nikisikia Yasini nitajua, nami nitajiweka tayari kama mwenzangu."

"Na kabla ya siku hiyo?"

"Kabla ya siku hiyo nitalala hivi mnavyonilaza, kama papa wa kuanikwa."

Hivyo ndivyo tulivyoahidiana, mimi na yeye. Bibi hakuwa na simu yake, na siku chache baadaye, baada ya alasiri, simu ya mkononi ya wodi ililia nikaambiwa ni yangu. Ilikuwa imezungushiwa nailoni ili ifutwe kwa dawa, na sauti zote zilizopita humo zilisikika za mbali. Hii niliijua mara moja.

"Masalkheri mwanangu," alisema maalim. "Nimeambiwa wewe ndiwe umwangaliaye mama."

"Ndimi, maalim."

"Mola akujazi kheri. Yuwaje?"

"Yuwala kidogo. Pumzi yake yapanda na kushuka."

"Basi mwekee simu sikioni nimsomee Yasini. Mlango mmetufungia, haki yenu. Sauti haina maradhi."

Ili mtu aelewe nilivyohisi, ajue kwanza kwamba pale kwetu maalim hakataliwi. Alitufunza sote kusoma, na aliyeruka neno moja alilijua kwa fimbo. Mtu akizidiwa, ni yeye aliyeitwa. Aliwasomea wazazi wa nusu ya mtaa, babu yangu akiwa mmoja wao, na alikuja hata mvua ikinyesha. Sasa mtu huyo aliyekaa kwenye vitanda vya watu wote alikuwa nje ya ukuta wa mamake mwenyewe, ananiomba dakika chache.

Nilifungua kinywa kusema ngoja nimuulize sista. Sista alikuwa mwisho wa wodi, amemwinamia mgonjwa. Lakini hata angekuwa begani mwangu, hakujua Yasini ingeingia vipi katika masikio ya bibi yule. Daktari naye hakujua. Aliyejua ni mimi, na simu ilikuwa mkononi mwangu.

"Bado, maalim," nilisema.

"Bado nini?"

"Hajafika huko. Akisikia Yasini atajua anaagwa, na barakoa ataivua. Mwenyewe ameniambia."

"Wewe ni mtoto. Ni mwanafunzi." Sauti haikupanda, maalim hakuwahi kupandisha sauti. "Nani amekupa kusema huyu amefika na huyu hajafika? Hilo si la Mungu?"

"Ni la Mungu, maalim. Mimi nasema la barakoa tu."

"Na akifa hajasomewa?"

"Nitakuwa nimekosa," nilisema, "na nitaulizwa mimi."

Alikata simu bila salamu. Tangu nimjue hakuwahi kuondoka mahali bila salamu.

Nilimweleza sista yaliyopita. Alisema yeye alidhani maombi ni maombi tu, yanamtia mgonjwa nguvu. Nikamkumbusha yule mama wa Majengo na barakoa yake. "Nilidhani amechanganyikiwa," alisema sista. "Usiku kucha nilidhani amechanganyikiwa kwa kukosa hewa." Kisha akasema, "Huyu ni mgonjwa wako. Simu hiyo ikilia tena, ipokee wewe." Nilitaka aniambie nimefanya vyema, au aniambie nimekosea, lolote mradi mzigo uhamie kwake. Alikwenda zake kubadilisha chupa ya maji ya mshipa, nami nikamkasirikia mpaka mwisho wa zamu.

Habari zilinitangulia nyumbani. Nilipomaliza kuoga nilimkuta mama amekaa upande wa pili wa ua, barakoa usoni, chai mbili zimemiminwa.

"Yasemwa umemnyima bi mkubwa Yasini."

"Nimemwambia maalim bado."

"Wajua, au wadhani?" aliuliza. "Kama wadhani, kesho twende mimi na wewe tukaombe radhi mlangoni kwake. Mimi siwezi kuishi Kuze kwa dhana zako."

"Najua," nilisema. Nilikuwa sijawahi kulisema neno hilo juu ya uhai wa mtu, na lilinitisha lilipotoka.

Mama alikisukuma kikombe changu kwa mwiko mpaka nikakifikia. "Haya. Maji umeyavulia nguo, yaoge."

Niliyaoga. Mwanamke mmoja aliyenilea kama mwanawe alimvuta mjukuu wake ndani aliponiona, na safari hii haikuwa kwa ajili ya korona. Mwingine alijibu salamu yangu akiutazama ukuta. Niliumia, na bado nikikumbuka naumia, kwa sababu watu hawa hawakuwa wabaya. Kila mmoja wao aliogopa kufa peke yake, hajasomewa, mkononi mwa mtu aliyevaa plastiki, na mimi nilikuwa nimesimama juu ya hofu hiyo nikisema bado. Nilianza kuchelewa kurudi. Zamu ikiisha nilikwenda ufukweni Mama Ngina, nikakaa mbali na watu, nikala muhogo wa kukaanga wenye pilipili na ndimu. Wauza mihogo walikuwa wachache kuliko zamani, na hakuna aliyenijua.

Maalim alipiga tena siku iliyofuata, wakati ule ule. Hakuuliza hali.

"Nisome?"

"Bado, maalim."

"Haya."

Na siku iliyofuata, na iliyofuata. Nisome? Bado. Haya. Niliona ananichosha makusudi, kama alivyokuwa akituchosha chuoni kwa kuturudisha mwanzo wa sura mpaka tunyenyekee. Lakini swali lake lilinifanyia jambo ambalo darasa halikunifanyia. Kila alasiri, kabla simu haijalia, nilisimama kwenye kitanda cha bibi nikamtazama kwa kweli. Nilihesabu pumzi zake. Nilitazama kucha, midomo, shingo inavyovuta, na kile kibanio cha kidoleni kinachosoma oksijeni. Nilitazama pia mambo yasiyokuwa vitabuni: kama amejitanda leso mwenyewe, kama amelalamika. Sikuweza kumpa maalim bado ya kumfariji. Ilibidi iwe bado ya haki, na siku nyingine, bibi akiwa amechoka, niliitoa baada ya kuhesabu pumzi zake mara ya pili.

Na bibi akaanza kuinuka. Alimaliza bakuli la uji. Aliitukana chai ya hospitali kwa kukosa iliki. Alinipima kichwa kwa shubiri zake juu ya kofia yangu ya plastiki, akasema ni kikubwa, ndiyo maana sikubali kushindwa. Tulimpunguzia oksijeni kidogo, na siku hiyo nilimwambia maalim "bado" kwa furaha isiyofichika, naye akasema "haya" kama kawaida. Nilianza kuwaza bibi akitoka kwa mlango wa mbele, na wale waliotazama ukuta wakinitazama mimi. Nayasema haya kwa sababu ni kweli. Sikuwa nikimwombea yeye tu.

Kisha akarudi nyuma. Asubuhi moja alikataa uji, mchana hakutaka kugeuzwa wala kutogeuzwa, na oksijeni tuliyoirudisha juu haikumrudisha. Daktari alikuja, akasikiliza kifua, akasema mapafu yamechoka na moyo nao umechoka, na kwa umri wake mashine kubwa ya kupumulia ingemtesa bila kumvusha. Alisema tumpe utulivu. Kesho yake hali ikawa hiyo hiyo, ila chini zaidi. Simu ilipolia niliweza kusema bado, maana alikuwa akinijibu kwa macho, lakini nilijua ni ya mwisho.

Siku iliyofuata nilifika kitandani kwake nikaona. Siwezi kueleza kwa namba, ingawa namba zilikuwepo. Vidole vyake vilikuwa baridi, pumzi ilikuja, ikasita, ikaja. Nilimwita akafungua macho, akanijua, akayafumba. Nilimwita sista. Alimshika mguu, akatazama kifua, akanigeukia. Nilisema, "Sasa nampigia." Hakunipinga wala hakunisaidia kusema. Alivuta pazia, akasimama upande wa pili wa kitanda.

Sikungoja alasiri. Maalim alipokea kabla mlio wa kwanza haujaisha. Aliijua namba, na alijua kuwa siku zote mpigaji ni yeye.

"Bado?" alisema.

Niliutazama uso wa bibi.

"Mwanangu, bado?"

"Maalim, soma," nilimwambia.

Nilisikia akihema. Nyuma yake palikuwa na watoto wanasoma kwa pamoja, halafu mlango ukafungwa, wakakoma kusikika.

"Niambie bado," alisema.

Hapo ndipo nilipoelewa. Hakuwa akinichosha. Siku zote zile alipiga simu ili akataliwe, na neno nililodhani namnyima kwalo haki yake ndilo alilokwenda kulala nalo. Sauti yangu, ya mtoto aliyemchapa kwa kuruka maneno, ndiyo aliyokuwa akiiamini juu ya uhai wa mamake. Nilitaka kumpa bado nyingine. Sijawahi kutaka kitu namna hiyo.

"Lau ningekuwa nayo ningekupa," nilisema. "Soma, maalim. Yuwasikia."

Nikaiweka simu sikioni mwa bibi, juu ya mto, na kwa mkono wangu wa pili nikaushika mkono wake kwenye mshipa. Maalim akaanza. Bibi alifungua macho. Hakuitazama simu, alinitazama mimi, akiuliza, na nilikuwa nimemwahidi nisimfiche, kwa hivyo niliinamisha kichwa kumwambia ndiyo. Mkono wake ulijaribu kupanda usoni ukashindwa. Nilimtazama sista, sista akakubali, nami nikamwondolea barakoa mwenyewe, nikamfuta alama za mipira mashavuni.

Maalim alikuwa akisoma vizuri, kwa mwendo ule ule aliotufunza. Karibu na katikati akasimama. Nilidhani simu imekatika. Akarudia aya, akafika pale pale, akasimama tena. Alikuwa amepotelewa na neno, yeye, katika sura aliyoisoma kwenye vitanda vya watu maisha yake yote. Nikainama karibu na simu, nikampa neno kupitia barakoa yangu. Akalipokea, akaendelea.

Alikuwa hajamaliza nilipoacha kuusikia mshipa chini ya vidole vyangu. Nilingoja, nikahamisha vidole, nikangoja tena. Sista naye aliona. Alinyoosha mkono kuichukua simu, nikamtikisia kichwa. Nilimwacha maalim asome kwa utulivu wake, aya baada ya aya, hakuna aliyemkatiza, mpaka mwisho.

"Yupo?" aliuliza.

"Ametangulia, maalim," nilimwambia. "Ametangulia ukisoma."